Yowe la Darajani

Yowe lilipopigwa, Mashimba Kija alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake, mguu mmoja ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, akikata kucha. Jua lilikuwa bado kali, saa ambayo hata wezi hupumzika. Sauti ilitoka upande wa korongo, nyembamba na ndefu, ikipanda, ikakatika, ikapanda tena. Mtu aliyekulia Mara hahitaji kuelezwa maana ya sauti ile. Ukiisikia unaacha ulichoshika. Kama ni kijiko unakiacha kwenye sahani. Kama ni jembe unaondoka nalo, maana hujui utakutana na nini.

Mashimba hakuwa mtu wa kuchelewa kwenye yowe. Yeye ndiye aliyekuwa kamanda wa sungusungu wa mtaa wa Korongoni, pembeni mwa Nyasura, mjini Bunda. Alitoka mbio na rungu mkononi, filimbi ikimrukaruka kifuani, kiatu kimoja mguuni na mguu wa pili umelowa. Njiani mtaa mzima ulikuwa umeamka. Fundi cherehani alikimbia na futi yake shingoni. Kinyozi alikimbia, na mteja wake akamfuata, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Vijana wa bodaboda walipita wakipiga honi. Mwenyekiti wa mtaa, Emanuel Wanzagi, mtu mnene mwenye heshima zake, alikuwa anakimbia huku anatafuna.

Walipofika korongoni walimkuta mwanamke mmoja tu, amesimama kando ya daraja, khanga yake imefungwa vizuri, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa Mbuke, mke wa Mashimba.

Kamanda alisimama mbele ya mkewe, pumzi imemkata. Alimuuliza mwizi amekimbilia wapi. Mbuke akasema hakuna mwizi. Akamuuliza moto uko wapi. Mbuke akasema yeye hajaona moto. Akamuuliza ni nani aliyezama. Hapo Mbuke alitazama kidogo kwenye kijia kinachopanda kuelekea kwa jirani yao Rhobi, kisha akayarudisha macho kwa mumewe, asijibu.

Watu walizidi kujaa. Wengine walichungulia chini ya daraja, wengine wakatazama vichakani. Daraja lenyewe halikuwa daraja tena. Mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimelila, likabaki tundu katikati ya njia na magogo mawili yaliyolazwa juu yake, yanayoteleza kama kambare. Kila mtu pale alikuwa ameyavuka magogo yale asubuhi hiyohiyo, na kila mmoja alikuwa amelaani kimoyomoyo na kwenda zake.

"Nimelipigia daraja," Mbuke alisema mwishowe. "Nimeona niwaite mje mliangalie, kabla halijaua mtu."

Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Machage, mkazi wa siku nyingi, mrefu wa maneno na mfupi wa kimo, ambaye alikuwa amekaa chini kwenye nyasi akitafuta pumzi.

"Mama Mwandu," alisema kwa upole, "yaani umenitoa kitandani nikaangalie daraja ninalolipitaga kila siku?"

Watu walicheka. Kisha, mmoja baada ya mwingine, walianza kukumbuka sheria, na vicheko vikageuka vikawa vya namna nyingine. Kiangazi kilichopita vijana walipiga yowe kushangilia goli, na wazee wakakimbia na mapanga mpaka uwanja wa mpira. Kwa hasira Mashimba mwenyewe alipendekeza sheria: yowe ni la mwizi, moto, maji au mnyama mkali. Atakayelipiga pasipo mojawapo ya hayo atatoa ng'ombe, na ng'ombe huyo atachinjwa na kuliwa na wale waliokimbia. Siku ile walimpigia makofi mengi. Tangu hapo hakuna aliyekuwa amethubutu, na nyama ya bure ilikuwa imebaki kuwa ndoto.

"Kamanda," Machage alisema akiinuka na kujipangusa, "sheria ni ya kwako. Sisi tulipiga makofi tu."

Mwenyekiti Wanzagi alimeza alichokuwa anatafuna, akatangaza kwamba shauri litasikilizwa Jumamosi, kwenye uwanja wa ghala la pamba. Watu wakatawanyika taratibu, wakizungumza kwa sauti za chini, kama watu wanaotoka kanisani siku iliyotangazwa sherehe.

Nyumba ya Mashimba ilikuwa na maksai wawili na hakuna zaidi. Mmoja aliitwa Hakimu, kwa sababu alikuwa mpole na mzito wa kuamua. Mwingine aliitwa Polisi, kwa sababu kila alipoona mlango alitaka kuusukuma. Jozi ile ndiyo iliyolima shamba lao la pamba kule nje ya mji, ndiyo iliyolima mashamba ya watu waliowalipa, na ndiyo iliyomsomesha mtoto wao Mwandu mpaka akapata kazi Musoma. Mvua za kupandia zilikuwa zimeanza. Maksai mmoja havuti plau peke yake, kama vile mkono mmoja haufungi mzigo. Ukimla Polisi, umekula na msimu.

Mashimba alilijua hilo tangu pale darajani. Jioni ile alikaa na mkewe jikoni, jambo ambalo hakulizoea, akamwomba amweleze ukweli. Alimjua mwanamke wake. Mbuke hakuwa mtu wa kupiga kelele ovyo; hata siku nyoka alipoingia chumbani alikuja kumwambia kwa kunong'ona, ili asimshtue nyoka.

"Kuna mtu alizama," alisema Mashimba.

"Sikusema hivyo."

"Basi kuna mtu alianguka."

Mbuke alisonga ugali. Alisonga kwa nguvu kuliko ugali ulivyotaka. Baadaye alimwambia kwamba kuna mtu aliyemwomba asiseme, na yeye ameitika. Ameshaitika, basi.

"Mimi ni mume wako," Mashimba alisema.

"Na wewe sungusungu wenzako wakikwambia siri, huwaga unaniambia?"

"Ile ni kazi."

"Na hii ni kazi."

Mashimba alijaribu njia nyingine. Alimshauri aombe radhi mbele ya watu, aseme jua lilikuwa kali, kichwa kilimzunguka, hakujua alitendalo. Watu wa Korongoni si wabaya. Wangeweza kupunguza adhabu kutoka ng'ombe hadi mbuzi, na mbuzi angetafutwa.

"Kichwa changu hakijazunguka," alisema Mbuke, akigeuza ugali kwenye sahani. "Daraja ni bovu. Nikiomba radhi mimi, daraja litapona?"

Mashimba alikula bila kuonja. Kilichomuuma hakikuwa maksai tu. Alikuwa mtu anayependa kupita njiani na kusalimiwa. Aliipenda filimbi yake. Sasa ingempasa asimame mbele ya mtaa mzima kama mshitaki wa mkewe mwenyewe, na asiposimama watasema sheria zake ni za watoto wa wenzake. Akisimama amepoteza maksai, asiposimama amepoteza jina.

Siku zilizofuata zilikuwa za mateso madogomadogo. Watu walianza kumtembelea Polisi. Walikuja kwa visingizio: huyu anaazima shoka, yule anauliza bei ya mbegu. Wote waliishia kwenye zizi. Mzee Machage alikuja kwa fimbo yake, akamzunguka yule maksai, akampapasa nundu, akauliza kama analishwa vizuri. Mashimba akamjibu kwamba anakula kama siku zote.

"Mwongezee pumba," alishauri Machage. "Wiki hii tu."

Hata msaidizi wake Burito, kijana mwaminifu aliyemfuata kwenye doria kwa miaka, alimjia na swali lililomtoa jasho kulisema. Alitaka kujua, kwa kuwa desturi inampa kamanda nundu ya ng'ombe wa faini, je, kamanda atachukua nundu ya ng'ombe wake mwenyewe? Maana kama hataichukua, wapo wanaouliza. Mashimba alimtazama mpaka Burito akakumbuka kwamba ana shughuli nyingine.

Rhobi, jirani, hakuonekana. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, Mkurya wa kutoka Tarime, aliyechukua dagaa Makoko, kando ya ziwa, na kuwauza sokoni Bunda. Kwa kawaida ukimkosa kwa macho unampata kwa masikio. Wiki ile meza yake sokoni ilikaa tupu, na mtoto wake Bhoke alisema mama ana malaria. Mbuke alimpelekea uji asubuhi na jioni, akirudi hasemi kitu.

Mtu pekee aliyekuwa na furaha ya wazi alikuwa Hana, mtendaji wa mtaa. Alikuwa dada mdogo, msomi, mwenye miwani, aliyepangiwa Korongoni mwaka uliopita. Tangu afike alikuwa ameitisha mikutano ya wananchi na kukaa peke yake na viti. Bila akidi hakuna maamuzi, na bila maamuzi hata ombi la mfuko wa saruji haliendi kokote. Huko juu humjibu tu kwamba limepokelewa. Alimfuata Mashimba zizini akamuuliza kwa adabu kama ni kweli kwamba Jumamosi watu wote watakuja.

"Watakuja na visu," Mashimba alimjibu.

"Waje na chochote wanachotaka, baba," alisema Hana. "Mradi waje."

Walikuja. Uwanja wa ghala la pamba ulijaa mpaka watoto wakapanda juu ya mizani ya kupimia marobota. Wanaume walikaa upande mmoja, na chini ya makoti mtu aliweza kuona visu vilivyofungwa magazeti. Wanawake kadhaa walikuwa na masufuria, ambayo waliyakalia ili yasionekane. Hakimu na Polisi walikuwa wamebaki zizini. Mashimba alikuwa amevaa koti lake la harusi ya Mwandu, na filimbi juu yake. Mbuke alikaa mstari wa mbele, peke yake, amejifunga kilemba cheupe.

Hana alihesabu watu kwa kidole, akahesabu tena kwa kutoamini, kisha akasimama na kutangaza kwamba akidi imetimia. Kwa hiyo, alisema, kabla ya shauri la yowe, mkutano utaanza na ajenda zake za kawaida, yaani usalama na matengenezo ya mtaa. Watu waliguna. Mwenyekiti Wanzagi aliwatuliza, akasema ajenda zitakwenda haraka kwa kuwa hakuna mwenye la kusema.

Hapo alikosea. Mwanamke mmoja aliyekalia sufuria alinyoosha mkono, akasema yeye ana dogo tu: taa ya barabarani ya kwenye kona ya duka huwaka mchana kutwa na kulala usiku kama mtu wa heshima. Akakaa. Kabla hajakaa vizuri, kinyozi alikuwa amesimama kuzungumzia kisima kisicho na kifuniko. Halafu ikaja habari ya bodaboda wanaoshuka kilima bila breki, na vijana wa bodaboda wakajibu kwamba breki wanazo, kinachokosekana ni barabara. Kukazungumzwa mbwa. Kukazungumzwa jalala lililohama lenyewe kutoka nyuma ya soko mpaka mbele ya soko. Watu waliokuja kwa ajili ya nyama walijikuta wanasimama mara ya pili na ya tatu, maana lalamiko ni kama chafya, mmoja akianza wengine wanasikia kuwashwa. Hana aliandika mpaka mkono ukamuuma, na uso wake uling'aa kama wa bibi harusi.

Mashimba hakusikia mengi. Alikuwa anasubiri jina lake, na likaja.

Alisimama. Alieleza kosa kwa maneno machache, kama ambavyo angelieleza la mtu mwingine: siku ile, saa ile, mkazi wa mtaa huu aliyeitwa Mbuke alipiga yowe darajani, watu wakakimbia, wasikute mwizi, moto, maji wala mnyama. Sheria inajulikana. Sauti yake haikutetemeka, lakini alipomaliza hakujua aweke wapi mikono. Baadhi ya watu waliona haya kidogo, hata wale wenye visu.

Mwenyekiti alimuuliza Mbuke ana nini la kujitetea. Mbuke alisimama, akasema yote aliyokuwa nayo aliyasema siku ile pale darajani, akakaa.

"Basi tusimchoshe," alisema Mzee Machage. "Tumlete mnyama."

"Machage, kaa chini."

Sauti ilitoka nyuma kabisa, na hakuna aliyehitaji kugeuka kujua ni ya nani. Rhobi alikuja akipenya katikati ya watu, amevaa vizuri, na hakuwa na dalili yoyote ya malaria. Alisimama kando ya Mbuke. Kwa muda alitazama chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Aliyeanguka ni mimi," alisema. "Nilikuwa na beseni langu la dagaa kichwani, gogo likateleza, nikaingia kwenye lile tundu mzimamzima. Huyu mama alikuwa nyuma yangu. Aliniona kichwa kinapotea akapiga yowe. Nani asingepiga? Sasa niliposimama, maji yakawa ya magoti. Na khanga yangu ilikuwa imeshaondoka na maji, inaelekea ziwani. Nikasikia nyinyi mnakuja, wanaume wote wa Korongoni, na mwenyekiti mbele. Nikamwambia, dada yangu, nakuomba, usiseme. Nikapanda kile kijia jinsi nilivyokuwa. Nilidhani mtamcheka tu yaishe. Kumbe mnataka kula maksai wake, na yeye bado amenyamaza, na uji ananiletea."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikavuka kwa wanaume, kikazunguka ghala. Rhobi mwenyewe alijaribu kukunja uso akashindwa. Mbuke alimshika mkono, akamketisha kando yake.

Mashimba alihisi kifua kinafunguka. Lakini Machage hakuwa mtu wa kuachia nyama kirahisi. Alisimama tena, akasema anampa pole mama Bhoke kwa dhati, ila sheria inasema maji, na maji ya magoti si maji. Watu wanaogea mle.

"Wewe ungezama palepale," alisema Rhobi. "Urefu wako naujua." Akangoja watu wamalize kucheka. "Na nawaambia jingine. Nilikaa mle chini kidogo nikitafuta khanga, na niliangalia. Zile kuta mbili za mawe zilizolishikilia daraja hazipo. Yale mawe makubwa waliyoyapaka chokaa, hayapo hata moja. Mvua ililibomoa daraja, sawa. Lakini maji hushuka. Hayabebi jiwe kupanda nalo mlimani."

Ghala lilinyamaza. Ilikuwa aina ya kimya ambacho mtu hukisikia darasani mwalimu anapouliza nani amekula chaki. Mashimba hakukielewa kimya kile mara moja. Alichokielewa ni kwamba mlango umefunguka mbele yake, naye akapita kichwakichwa kama Polisi.

"Basi kuna mwizi," alisema, na sauti yake ya kamanda ikamrudia. "Mawe ya daraja yameibiwa. Yowe lilipigwa kwenye mali iliyoibiwa, kwa hiyo yowe ni halali. Na kama ni halali, mnajua desturi. Ng'ombe wakiibiwa tunafuata nyayo. Nyayo zikiingia mji wa mtu, mwenye mji anajibu. Na aliyeitikia yowe harudi kwake mpaka nyayo zimefika mwisho. Inukeni."

Alipuliza filimbi. Mwenyekiti Wanzagi alisema pengine jambo hili lingefaa kuundiwa kamati. Hakuna aliyemsikiliza.

Hawakwenda mbali. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Machage, na mawe meupe yalikuwa juu ya banda lake la kuku, yamepangwa vizuri kuzuia bati lisipeperuke. Machage aliyatazama kama anayaona kwa mara ya kwanza. Alisema aliyaokota njiani, na kitu cha njiani ni cha mpita njia. Watu walicheka, wakasonga mbele. Kwa kinyozi walikuta jiwe ambalo wateja hukalia wakisubiri zamu. Chokaa ilikuwa imefutika kwa suruali za watu. Kwa Burito walikuta mafiga matatu yenye moto, chungu cha maharage kikichemka juu yake, na mkewe akagoma kuyatoa mpaka maharage yaive. Mlangoni kwa mwenyekiti palikuwa na jiwe zuri kuliko yote, pana na bapa, ambalo wageni wote wa mtaa, na Hana mwenyewe, walikuwa wamefutia viatu juu yake.

"Hilo lilikuwa la hifadhi," alisema Wanzagi. "Nilikuwa nimelihifadhi."

Mashimba alikuwa anacheka kuliko wote. Alicheka akashika mbavu. Kila nyumba waliyoingia ilimwondolea mzigo wa wiki nzima, na maneno yalimtoka kwa urahisi, akawa anawakaripia watu kwa mzaha, akasema yeye siku zote alijua analinda wezi. Waliingia kwenye kichochoro cha kwao. Aliona bati la nyumba yake, akaona zizi, na mguu wake mmoja ukagoma kwenda mbele.

Alikuwa amesahau. Si kwamba alificha; alikuwa amesahau kabisa, kama mtu anavyosahau kofia iliyo kichwani mwake. Wiki ya mvua zile kubwa, Polisi alikuwa amezoea kusukuma lango la zizi na kutoka. Alfajiri moja Mashimba alipita korongoni, akaona jiwe limelala pembeni ya daraja lililobomoka, akalibeba kwa mkokoteni. La serikali, alijiambia, na cha serikali hakina mwenyewe. Tangu siku ile lango halikufunguka.

Alisimama katikati ya kichochoro, akainua mkono.

"Nyayo zimeishia hapa," alisema. "Turudi ghalani tukafunge mkutano."

Watu walisimama. Wengine walikuwa wameanza kugeuka. Ni Mbuke aliyepita mbele taratibu, akiwa na Rhobi kando yake.

"Kamanda," alisema, "nyayo zinaendelea."

Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye lango la zizi, akasimama, akalionyesha jiwe kwa kidevu. Jiwe lilikuwa jeupe pe, maana halikukaliwa na mtu wala kupikiwa. Hakimu alikuwa amelala kando yake akicheua.

Hakuna mtu aliyecheka mara moja, na hilo lilimuuma Mashimba kuliko kicheko. Alivua filimbi shingoni. Aliishika mkononi, hajui ampe nani. Akasema desturi inajulikana, mwizi anatoa ng'ombe, naye yuko tayari, wamtoe Polisi. Hapo Machage alikohoa. Kwa kweli, alisema, tukianza kutoa ng'ombe leo, kesho Korongoni hakutakuwa na mwenye maksai, na yeye mwenyewe itabidi atoe wanne au watano, sawasawa na mawe aliyonayo. Visu vilikuwa vimerudi ndani kabisa ya makoti.

Hana, aliyekuwa amefuata msafara huku anaandika, aliuliza kama mgeni: desturi inasemaje, nani huamua malipo, mwenyekiti au kamanda?

"Aliyepiga yowe," alisema Burito. "Mwenye yowe ndiye mwenye neno."

Wote wakamgeukia Mbuke. Alifikiri kidogo, akimtazama mumewe, akawatazama wanaume wote waliokuwa nyuma yake.

"Mimi sili ng'ombe ninayemjua kwa jina," alisema. "Kila mtu arudishe jiwe lake, leo hii, kabla jua halijazama. Akalipange pale lilipokuwa. Lakini hakuna mkokoteni, hakuna bodaboda. Mtabeba kichwani. Na mtapita sokoni."

Huku kwetu mwanamume hubeba begani. Kichwani ni pa mwanamke, na hata mtoto wa kiume akiweka ndoo kichwani wenzake humwimbia. Wanaume waliguna, mmoja akasema mgongo wake, mwingine akasema shingo. Mwenyekiti alitaka kujua kama wadhifa wa mtu unazingatiwa. Rhobi alimwambia kwamba dagaa wake hawakuzingatia wadhifa walipokuwa juu ya kichwa chake, na safari yake ni ya kila siku.

Mashimba ndiye aliyetoka mbele. Alisimama mbele ya mkewe, akiwa na koti lake la harusi. Mbuke alivua khanga ya mabegani, akaisokota, akaizungusha mkononi ikawa ngata nzuri ya mviringo.

"Inama," alimwambia.

Aliinama. Mbuke alimwekea ngata utosini, akaisogeza kidogo mbele, akarudi nyuma kuitazama, akaisogeza tena, kama mtu anayemvalisha mumewe tai. Burito na kinyozi waliinua jiwe, wakaliweka juu. Shingo ya kamanda ilizama mabegani.

"Usiikaze shingo," Mbuke alisema kwa sauti ambayo mumewe peke yake aliisikia. "Tazama mbele. Ukitazama miguu utaanguka."

Msafara ulikwenda. Sokoni wanawake waliacha meza zao wakajipanga pande zote mbili za njia, na vigelegele vilisikika mpaka stendi. Walimwona Wanzagi na jiwe lake bapa, jasho likimchuruzika masikioni. Walimwona Machage, ambaye jiwe lilikuwa limempunguza urefu hata zaidi. Rhobi alitembea pembeni kama mwalimu wa gwaride, akirekebisha viuno vya watu. Alimwambia kamanda alegeze kidogo, hapelekwi mahabusu. Mashimba alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka, jiwe likayumba, akalishika kwa mikono miwili.

Darajani fundi mwashi mmoja wa mtaani alikuwa ameshaingia majini, suruali ameikunja. Walishusha mawe moja moja. Hana alisema saruji ataidai yeye, na safari hii anakwenda na mkutano uliotimia, wajaribu kumwambia limepokelewa. Lakini kuta zilianza kupangwa bila kungoja saruji, na jiwe kuu la ukuta wa kushoto lilikuwa lile la zizini, lililofaa pale kama jino kwenye ufizi.

Mashimba alinyoosha mgongo, akanawa uso, akaanza kupanda tena kilima. Burito alimkimbilia.

"Kamanda, umesahau ngata kichwani."

"Sijaisahau," alisema Mashimba. "Machage bado ana mawe mengi, na mgongo wake unaujua."